Kupata taarifa kwa waomba hifadhi nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: waomba hifadhi wenyewe, hasa wa Nairobi na kambi ya Kakuma, walimu, manesi na wachungaji wanaokutana nao, na majirani Wakenya wanaotaka kusaidia ila hawajui waanzie wapi. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale yanayompata mtu mmoja mmoja. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, tumetaja namba ya swali badala ya kulirudia. Taratibu za ofisi hubadilika, kwa hiyo lolote linalohusu faili lako lithibitishe kabla hujalifanyia uamuzi.

## Mambo ya msingi

1. Mwomba hifadhi ni nani, na ana tofauti gani na mkimbizi?

Mwomba hifadhi ni mtu aliyefika nchini akaomba ulinzi, na ombi lake bado halijaamuliwa. Likikubaliwa, anakuwa mkimbizi. Mtaani wote huitwa wakimbizi na hakuna anayejali. Tofauti huonekana kwenye kaunta: mkimbizi ana kitambulisho, kile ambacho wengi wanakiita "alien", na mwomba hifadhi ana karatasi yenye tarehe ya kuisha.

Mwaka 2025 Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000, wengi wakiwa kwenye kambi za Dadaab na Kakuma. Wasudan Kusini wamekuwa wakitambuliwa kama kundi zima tangu 2014. Wasomali nao walikuwa hivyo hadi utaratibu huo ulipoondolewa 2016. Mkongo, Mrundi au Muethiopia huitwa peke yake kwa intavyu, na kusubiri uamuzi kunaweza kula miaka. Ukurasa huu unahusu zaidi hiyo miaka ya kusubiri.

2. Mbona mnazungumzia taarifa wakati shida ya watu ni chakula na kodi ya nyumba?

Kwa sababu hata foleni ya chakula lazima mtu akwambie iko wapi.

Chukua mfano wa mama aliyetoka Uvira, mashariki mwa Kongo, akashuka basi Nairobi, akapokewa Kayole na mtu waliyejuana njiani. Hajui kwamba sheria inamtaka ajitokeze kwa ofisa wa wakimbizi ndani ya siku 30. Hajui kwamba shule ya msingi ya serikali iliyo mita mia mbili kutoka anapolala inaweza kumpokea mwanawe. Mwenyeji wake amemwambia asitoke sana kwa sababu ya polisi, naye amekaa ndani. Miezi sita ikipita, mtoto hajaingia darasani, mama hana karatasi wala hajui jirani wa mlango wa pili anaitwaje. Ukitafuta aliyemkatalia chochote, humpati. Hakuna kaunta iliyomfukuza, maana hajafika kwenye kaunta yoyote.

Watu wengi wakisikia neno "kutengwa" hufikiria matusi, au mwenye nyumba anayesema "sitaki wageni". Hayo yapo. Lakini kutengwa tunakokuona mara nyingi zaidi ni huku kwa kimyakimya, ambako mtu amekosa jambo kwa sababu aliyelijua hakuwa rafiki yake.

3. Na mnaposema "kujumuishwa", mna maana ya uraia?

Hapana. Tuna maana ndogo zaidi: kufanya yale jirani anayoyafanya bila kubembeleza mtu. Kusajili laini. Kupokea pesa. Kuingia kwenye chama cha akina mama. Kwenda kituo cha polisi kuripoti wizi na kutoka ukiwa mwenye shauri, wala si mshukiwa.

## Haki ya kujua

4. Je, Katiba ya Kenya inampa mwomba hifadhi haki ya kupata taarifa?

Swali zuri, na jibu lake lina mtego. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010, kinachotajwa sana, kinampa haki ya taarifa zilizo mikononi mwa serikali "kila mwananchi". Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 ikafuata njia hiyohiyo. Kwa neno hilo moja, mwomba hifadhi amebaki nje ya mlango ambao kila Mkenya anaweza kuubisha bila hata kueleza sababu.

Lakini nyumba ina milango mingine. Kifungu cha 33 kinasema "kila mtu" ana uhuru wa kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa haki na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri au unapoelekea kumwathiri; Sheria ya Utendaji Haki wa Kiutawala ya 2015 ikalifafanua hilo. Kifungu cha 49 kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa.

Kwa vitendo: ukinyimwa jambo, usiandike barua ya kudai taarifa kwa sheria ya 2016, kwa sababu itarudi na jibu la "wewe si mwananchi". Omba sababu za uamuzi kwa maandishi, ukitaja Kifungu cha 47. Na kama unachotaka ni taarifa ya jumla, mfano utaratibu wa ofisi fulani au bajeti ya kaunti, Mkenya yeyote anaweza kuiomba kwa jina lake mwenyewe. Hili huwashangaza watu wanaotuuliza "nisaidie vipi?" huku wakidhani msaada ni unga na blanketi tu.

5. Naweza kuona kilichoandikwa juu yangu kwenye faili?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiulizi uraia. Inamlinda yeyote ambaye taarifa zake zimechukuliwa. Una haki ya kuambiwa zinatumikaje, kuziona, na kuomba makosa yasahihishwe. UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, nayo ina kanuni zake za ndani za kulinda taarifa za watu, kwa hiyo huko ombi linafuata njia yao.

Usilichukulie hili kama anasa. Majina ya Kisomali na ya Kitigrinya huandikwa kila mtu anavyosikia, na watu wasiojua siku waliyozaliwa huandikiwa Januari 1. Herufi moja ikitofautiana kati ya karatasi ya mama na ya shule ya mtoto, miaka mitano baadaye unajikuta unathibitisha kwamba mwanao ni wako. Ukipewa karatasi yoyote, isome au isomewe kabla hujaondoka dirishani.

6. Niliyoyasema kwenye intavyu yatafika ubalozi wa nchi yangu?

Maelezo ya mwomba hifadhi ni siri, na hayapaswi kufikishwa kwa serikali aliyoikimbia. Hofu hii ndiyo huwafanya watu wengi waseme nusu ya kisa, na baadaye nusu iliyobaki ikitoka wanaonekana waongo.

Hofu nyingine ina msingi zaidi: mkalimani. Mara nyingine ni mtu wa kabila lako, au mnasali kanisa moja. Kama huwezi kulisema jambo mbele yake, omba abadilishwe kabla hamjaanza. Mwanamke anaweza kuomba mkalimani na ofisa wa kike.

## Laini, pesa na intaneti

7. Kwa nini wakala anakataa kunisajilia laini kwa karatasi yangu?

Kanuni za usajili wa laini za simu za 2015, zilizotumika hadi kanuni mpya zilipotoka 2025, zilitaja hati zilizokubalika: kitambulisho cha taifa, kitambulisho cha kikosi, pasipoti, au kitambulisho cha mgeni. Karatasi ya mwomba hifadhi haikuwamo kwenye orodha hiyo, na wakala wa kibanda hataki kesi. Anakurudisha.

Mtu asiyeijua Kenya anaweza kudhani laini ni kitu kidogo. Hapa laini ndiyo benki; tangu M-Pesa ianze 2007, kodi ya nyumba, karo, ujira wa kibarua na mchango wa msiba hupita humo. Laini ndiyo sanduku la barua pia, maana ofisi zikikuhitaji hukupigia. Serikali na mashirika wenyewe walionyesha ukubwa wa jambo hili mwaka 2015, pale Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kutuma sehemu ya mgao kambini kwa njia ya simu, utaratibu ulioitwa Bamba Chakula. Simu ikawa sahani.

Kwa hiyo mtu anafanya lililo karibu: anaazima laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki, au ananunua iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu asiyemjua kabisa. Maisha yake yote ya kifedha yanakaa chini ya jina la mwingine. Mwenye jina akigombana naye, au akitaka laini yake, pesa zimeondoka na namba imeondoka. Na kuna wanaokosa tarehe ya intavyu kwa sababu simu iliita mfukoni mwa mtu aliyehamia Mombasa.

8. Basi nifanye nini kama sina njia nyingine ila laini ya kuazima?

Azima kwa mtu mmoja, usirukeruke. Usiache akiba humo. Namba ikibadilika, peleka mpya kwenye ofisi ya serikali ya wakimbizi *na* UNHCR. Hizo ni ofisi mbili zenye mafaili mawili, na wengi hubadilisha moja wakadhani wamemaliza. Andika pia namba ya pili ya mtu unayemwamini. Siku utakayopata kitambulisho, sajili laini yako kabla ya jambo lingine lolote.

9. Habari za kwenye vikundi vya WhatsApp zinaaminika?

Vikundi hivyo vina faida tusiyoibeza: mtu asiyesoma husikiliza ujumbe wa sauti kwa lugha ya mama yake, jambo ambalo tangazo la ubaoni haliwezi. Shida ni kwamba ujumbe ukishatumwa mara tatu hujui tena ulisemwa na nani wala lini.

Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kulikuwa na familia zilizokwisha kuuza vyombo na kuaga. Pengo la namna hiyo, ambapo ofisi haina la kusema na watu hawalali, ndilo shamba la matapeli. "Ndege zimefunguliwa", "kuna fomu ya Kanada", "jina lako liko ila faili linahitaji kusukumwa". Hadithi ya kusukuma faili si ngeni Nairobi: uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, ambao ripoti yake ilitoka mwanzoni mwa 2002, ulifichua mtandao uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda kuishi nchi za tatu, yaani si kwao wala Kenya.

Shika hili moja: kujiandikisha, intavyu na kupelekwa nchi ya tatu ni bure. Anayetaja pesa, hata kama ana beji, hata kama ni mchungaji, ni mwizi au anatumiwa na mwizi.

## Lugha na watu wa kati

10. Wengi si wanajua Kiswahili? Tatizo la lugha liko wapi?

Msomali aliyefika jana, Mnuer wa Sudan Kusini na Mueritrea hawakijui. Lakini tuzungumzie wale wanaosemwa wanakijua, maana ndio husahauliwa.

Mtu wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ana Kiswahili chake kizuri. Pesa kwake ni *franga*, kitabu ni *buku*. Mambo ya sheria na ofisi alifundishwa kwa Kifaransa. Mwambie "una nafasi ya kukata rufaa" halafu umwache aende. Neno analolijua kwa jambo hilo ni *recours*. "Kata" amelisikia, na kukatwa si jambo zuri. "Rufaa" huenda ameisikia mara moja tu, kwenye kibao cha hospitali ya rufaa. Ametikisa kichwa kwa adabu, amesema "sawa", na siku za kukata rufaa zimeanza kuhesabika bila yeye kujua. Ofisa akiwa Nairobi anachanganya na Kiingereza na sheng, na karatasi yenyewe ya uamuzi imeandikwa kwa Kiingereza.

Kama wewe ndiye unayeeleza, usiulize "umeelewa?" Kila mtu husema ameelewa. Mwombe akurudishie kwa maneno yake: atafanya nini, wapi, kabla ya tarehe gani.

11. Niwaamini viongozi wa jamii na mabroka?

Tuwatenganishe. Kiongozi wa bloku Kakuma, mwenyekiti wa jamii Nairobi, au mfanyakazi wa insentivu (mkimbizi anayefanyia mashirika kazi kwa posho) anayesikia mambo mapema kwa sababu yuko karibu na ofisi, wote hao ndio wanaofikisha habari pale ambapo tovuti haifiki. Bila wao wengi wasingejua lolote. Broka ni yule anayechukua jambo la bure akakuuzia.

Mpaka kati yao hauko wazi kila mara. Kiongozi mwema naye huwaambia kwanza ndugu zake. Mikutano hufanywa saa ambayo wanawake wako kwenye foleni ya maji. Kiziwi haji, na akija hakuna wa kumtafsiria. Ndiyo maana ndani ya kambi ileile utakuta ukoo mmoja umejaza fomu zote za ufadhili wa masomo na ukoo wa jirani umesikia baada ya wiki mbili. Uliza kila mara: "Wewe umejuaje?" Mtu mkweli atakutajia ofisi na siku.

12. Je, kuna redio au magazeti ya wakimbizi wenyewe?

Yapo. Dadaab kuna Redio Gargaar. Neno hilo kwa Kisomali ni msaada. Kakuma kuna Ata Nayeche FM, iliyobeba jina la Nayeche wa masimulizi ya Waturkana, na inasikilizwa na wenyeji na wakimbizi. Tangu 2008 Kakuma imekuwa pia na KANERE, jarida la habari linaloandikwa na wakimbizi bila kusimamiwa na mashirika.

Hilo la mwisho lina uzito wake. Matangazo ya mashirika huenda upande mmoja: njoo na kadi, siku fulani, saa fulani. Mwaka 2025 mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, watu wa Kakuma hawakukosa tangazo. Walichokosa ni mahali pa kuuliza "mimi mmeniwekaje kundi hili na mlimuuliza nani?", na manung'uniko yakaishia maandamanoni.

## Shule, kazi na majirani

13. Mtoto wangu hana cheti cha kuzaliwa. Shule itampokea?

Aliyezaliwa Kenya ana haki ya kusajiliwa na kupata cheti, hata wazazi wakiwa hawana hati zozote za hapa. Cheti hicho hakimpi uraia. Wapo wanaoogopa kukichukua wakidhani kitawaletea matatizo, na wapo wanaokinunua wakidhani ni uraia. Aliyezaliwa nje huandikishwa kwa karatasi za usajili wa familia. Mwalimu mkuu akisita, mara nyingi hajawahi kuiona karatasi ya namna hiyo. Nenda na mtu ambaye mtoto wake anasoma shule hiyohiyo.

14. Ninaruhusiwa kufanya kazi?

Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua nafasi kwa mkimbizi aliyetambuliwa, na kibali cha kazi kinachomhusu ni cha daraja M. Mwomba hifadhi yuko katikati: hajakubaliwa, na tumbo halisubiri. Ushauri wetu ni mfupi: usinunue kibali kwa mtu, na usimwambie mwajiri wewe ni mkimbizi kama bado si mkimbizi.

15. Mpango wa Shirika ni nini, na kweli kambi zinavunjwa?

Ni mpango wa serikali uliozinduliwa Machi 2025 wa kugeuza polepole maeneo ya kambi kuwa makazi ya kawaida, ambamo wakimbizi na wenyeji hutumia huduma zilezile. Si tangazo la kuwarudisha watu makwao.

Swali hili tunaulizwa zaidi na wenyeji wa Turkana na Garissa kuliko na wakimbizi, na wana haki ya kuuliza: ardhi ni ya nani, kisima kitakuwa cha nani, nani ataajiriwa. Mwenyeji asipojibiwa husikiliza uvumi vilevile kama mgeni, na uvumi huo ukimfikia mgeni atakuwa amekwisha kuchukiwa kwa jambo asilolijua.

## Mambo ya pembeni

16. Nimepitisha siku 30 bila kujiandikisha. Nikienda sasa watanikamata?

Nenda, tena usiende mikono mitupu: uwe na maelezo ya kwa nini umechelewa, na ikiwezekana wakili. Kuchelewa hakufuti kanuni ya kutomrudisha mtu kwenye hatari. Kituo Cha Sheria na Refugee Consortium of Kenya hutoa msaada wa kisheria bila malipo. Kituo Cha Sheria ndicho kilichopinga amri ya Desemba 2012 ya kuwaondoa wakimbizi mijini, na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaibatilisha.

17. Nilikuja kwa viza ya masomo, vita vikaanza nyumbani nikiwa hapa. Naweza kuomba hifadhi?

Ndiyo. Hili liliwapata Wasudan wengi Aprili 2023. Si lazima uwe umekimbia kwa miguu. Sababu inaweza kuzuka ukiwa tayari nje. Jitokeze kabla muda wa viza haujaisha. Ushauri wa wanafunzi wenzako wa "subiri iishe kwanza" ni mbaya.

18. Nimeambiwa mimi kama Mrundi (au Mkongo, Mganda, Mnyarwanda, Msudan Kusini, Msomali) niachane na ukimbizi nitumie haki za Afrika Mashariki. Nikubali?

Chaguo hilo limo kweli ndani ya sheria ya 2021: raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi akafaidika na mkataba wa Jumuiya. Kongo iliingia Jumuiya 2022 na Somalia 2024, kwa hiyo walengwa wameongezeka sana. Kwa mfanyabiashara wa Bujumbura ambaye hatari yake imepita, huenda ikawa njia nzuri kuliko kusubiri karatasi.

Lakini haki za Jumuiya hupitia hati za nchi yako, na hati za nchi yako hupitia serikali yako. Kama uliyemkimbia ni serikali hiyo, utalazimika kurudi kumwomba pasipoti. Ukiacha ukimbizi, ulinzi uliofungamana nao nao unaondoka. Neno "kwa hiari" lina maana tu kama umeelezwa pande zote mbili kwa lugha unayoiota usiku (tazama swali la 10). Usitie saini siku hiyohiyo. Omba fomu, iondoe ofisini, isomewe na wakili wa msaada wa kisheria, na ukirudi na saini yako, baki na nakala iliyogongwa muhuri.